Leokadia na Dahlia Nyekundu

Leokadia Wrona alianza kazi ya kupaka watu rangi akiwa msichana mdogo, kabla hata hajajua kujipaka mwenyewe. Studio ya picha ya ushirika ilikuwa nyuma ya soko la mji wetu, hapa kando ya mto Warta, na siku hizo picha zote zilitoka nyeusi na nyeupe. Mawakala walizunguka vijijini na mabegi yao, wakikusanya picha za harusi zilizochakaa, wakazileta studio zikuzwe na kutiwa rangi. Aliyezitia rangi ni Leokadia. Alikaa dirishani, brashi nyembamba mkononi na pamba kidoleni, akipaka midomo ya mabibi harusi asiowajua, mashavu yao, macho yao, na mashada waliyoshika.

Kila picha ilikuja na maagizo. Macho yawe ya buluu. Nyuma kuwe na anga. Bwana harusi avalishwe suti, maana siku yenyewe alivaa koti la kuazima lililombana kwapani. Na shada, karibu kila mara, liwe la waridi jekundu.

"Siku moja ililetwa picha ya msichana ameshika maua ya porini," aliwahi kunisimulia, "yale meupe ya kando ya reli. Romek, yalikuwa yametawanyika mkononi mwake kama yamechumwa dakika ile ile. Nikamwambia bosi, haya tuyaache. Akaniangalia kama nimeomba likizo ya mwaka mzima. Waridi, akasema. Basi nikayafanya waridi."

Filamu za rangi zilipoenea, ushirika ulifungwa. Leokadia akaenda kupika katika jiko la shule, akaolewa, akamlea binti yake Iwona, akamzika mumewe, akafika umri wa kustaafu. Iwona, ambaye anaishi mji mwingine, alimletea kompyuta yake ya zamani na kamera ambayo hakuwa akiitumia. Nadhani alitaka mama yake apate kitu cha kumshughulisha wakati wa baridi. Hakujua amewasha moto gani.

Mimi ni Roman, Romek kwa walionizoea, mtunzaji wa ukumbi katika Nyumba ya Utamaduni. Nafungua milango, natengeneza viti, natundika picha. Kipande changu cha bustani kimepakana na cha Leokadia, kwenye viwanja vile vya nyuma ya reli ambako nusu ya mji hulima matango, kabichi na maua. Kwa hiyo nilimwona tangu mwanzo. Asubuhi umande haujakauka, yeye ameshapiga magoti juu ya mto wa zamani wa kochi, kamera usoni, pumzi ameibana, anasubiri nyuki aondoke.

"Bi Leokadia, utapata baridi yabisi!"

"Ninayo tayari. Nyamaza, unatikisa ua."

Alijiunga na klabu ya wapiga picha inayokutana kwetu ukumbini. Kiongozi wa klabu ni Kalina, mwalimu kijana mwenye subira, na ndiye aliyemfundisha programu ya kuhariri picha. Mwezi wa kwanza Leokadia alihariri kama kila mtu: akaongeza mwanga, akakata kingo, akazidisha rangi. Halafu siku moja Kalina akamwonyesha namna ya kuondoa rangi zote kwa mguso mmoja. Lilikuwa yungiyungi la rangi ya chungwa. Lilipogeuka jeusi na jeupe kwenye skrini, Leokadia alicheka kwa sauti hadi wenzake wakageuka.

"Mama yangu! Kumbe naweza kuitoa?"

"Unaweza," Kalina akamwambia. "Lakini lilikuwa la chungwa zuri sana, Bi Leokadia. Huoni hasara?"

"Naliona ua. Mwanzo nilikuwa naona chungwa."

Tangu siku hiyo meza ya jikoni kwake iligeuka kuwa studio. Msidhani alikuwa akiondoa rangi ovyo. Aliweka picha ile ile mara mbili kwenye skrini, ya rangi kushoto, isiyo na rangi kulia, akaziangalia hadi chai ikapoa. Kuna maua yaliyomshinda. Alizeti zilipoteza uhai zikabaki kama sahani za bati, akazirudishia unjano wake na kusema hizo zimezaliwa kwa ajili ya rangi, tuziache. Maua madogo ya buluu ya bustanini kwangu nayo aliyaacha na buluu yake. Lakini mengine yalifunguka. Mishipa ya petali ikatokea, na nywele ndogo za shinani, na kivuli ambacho petali moja huitupia nyingine. Na alijifunza kwamba kuondoa rangi kuna ufundi wake, maana programu inakuachia uamue mwenyewe kila rangi iwe nyepesi au nzito kiasi gani. Wekundu unaweza kuusogeza kwa kipanya hadi ukawa mweupe kama maziwa, au ukaurudisha nyuma ukawa mweusi tii. Kijani vivyo hivyo. Leokadia alisogeza, akarudisha, akasogeza tena, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

Msimu wa kiangazi uliopita Kalina alimpa ukuta mrefu wa ukumbi kwa maonyesho yake mwenyewe. Yeye peke yake, jina lake mlangoni. Leokadia alikubali, na akatangaza kwamba picha zote zitakuwa nyeusi na nyeupe.

Habari ilifika viwanjani kabla yake. Mjue kwamba maua yale aliyapiga katika bustani za watu, na kila mwenye bustani alikuwa na lake analojivunia. Jioni ile nilikuwa namwagilia matango, nikawasikia kwenye uzio.

"Ati anatuonyesha bila rangi. Atuandalie na kengele ya maziko basi!"

"Nimenunua mbegu za bei mbaya kwa ajili ya ule urujuani, na yeye anaufanya majivu."

"Labda wino wa rangi umemwishia. Tumchangie?"

Wakacheka. Leokadia alikuwa upande wa pili wa uzio, amechuchumaa kwenye vitunguu. Akanyanyuka polepole, mkono kiunoni.

"Changeni," akasema. "Na kahawa msisahau."

Wote walicheka tena na mambo yakaishia hapo, isipokuwa kwa Bwana Gienek.

Gienek Pacholski alikuwa dereva wa treni, naye amestaafu. Hulima maua ya dahlia, na mizizi yake minene kama viazi huihifadhi sebuleni wakati wa baridi, ndani ya masanduku ya mchanga, na mkewe Teofila hulazimika kuyazunguka kila akienda dirishani. Kwa miaka mingi alikuwa akichanganya mbegu, akipanda, akitupa, akipanda tena, akitafuta wekundu mmoja aliokuwa nao kichwani. Damu ya mzee, lakini yenye moto ndani yake. Mwishowe ukatoka. Ua kubwa kama sahani ya supu, shina limesimama wima. Akalipa jina la mkewe, Teofila. Watu walikuja kuliangalia kutoka viwanja vya upande wa pili wa mto, na Gienek aliwasimamisha penye jua ili wauone wekundu vizuri.

Leokadia alilipiga picha asubuhi moja ya ukungu mwepesi. Mimi nilikuwapo jikoni kwake siku Gienek alipokuja kuiona, maana nilikuwa nimefuata fremu. Leokadia alikuwa amekata keki ya matunda ya damasi, akamkaribisha, akaigeuza kompyuta upande wake.

Gienek alitazama. Uso wake ulibadilika rangi vizuri kuliko picha yoyote.

"Hii ni nini?"

"Dahlia yako."

"Hii si yangu! Hii nyeupe! Leokadia, umeifanya nyeupe! Watu watadhani ni ya Kowal!" Kowal ndiye mpinzani wake, hulima dahlia nyeupe viwanja vichache mbele.

"Ya Kowal ina petali fupi. Mtu mwenye macho hawezi kuzichanganya."

"Mtu mwenye macho atataka kuona rangi! Unajua nimeuhangaikia wekundu huu tangu lini? Tangu Iwona wako anasuka nywele mikia miwili! Halafu unakuja na kidude chako hiki, unabonyeza mara moja, kwisha!"

"Sikubonyeza mara moja," Leokadia akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu lakini masikio yalikuwa yameiva. "Kaa chini, Gienek. Kaa, nasema. Romek, mpe keki."

Akamfungulia picha ya rangi, akaziweka mbili sambamba. Niseme kweli, ile ya rangi ilinivuta mimi pia. Wekundu ulijaa skrini yote. Gienek akapiga paja.

"Si hiyo hapo! Hiyo ndiyo! Tundika hiyo!"

"Sasa niambie," Leokadia akasema, "petali za katikati zimekaaje?"

"Zimekaa... zimekaa vizuri."

"Vizuri vipi?"

Gienek aliinama akakodoa. Katika picha ile wekundu wa petali na kijani cha majani vilikuwa na uzito mmoja, vimeshikana, na mikunjo ya katikati ilikuwa imezama ndani ya rangi kama sukari kwenye chai. Alijua jibu kwa kuwa alilikuza ua lile, lakini kwenye picha hakuliona.

"Haya basi," akasema mwishowe, "sawa. Lakini kazi yangu ni rangi. Umbo lilikuja lenyewe."

Leokadia akachukua kisu. Akakata kipande kingine cha keki, hakukila. Kisha akasema maneno ambayo nimeyakumbuka.

"Usichana wangu wote nilipaka rangi walizotaka wengine. Nilikuwa hodari, waulize watu. Hakuna shavu lililonishinda. Lakini sikuwahi hata siku moja kuulizwa, wewe Leokadia, unaionaje? Sasa nina ukuta mmoja. Ukuta mmoja tu, Gienek. Kwenye ukuta huo nataka kuonyesha ninavyoona mimi."

"Na mimi ninavyoona?"

"Wewe una kiwanja kizima."

Gienek alinyanyuka, akavaa kofia. Mlangoni akageuka. "Nitamleta Fila siku ya ufunguzi. Yeye ndiye mwenye jina. Akisema imeharibika, utaishusha?"

Leokadia aliniangalia, nami nikaangalia keki. Wote tulijua hali ya Teofila. Katikati ya macho yake pamekufa, ugonjwa wa uzee, na madaktari wamesema hapatarudi. Huona kwa pembeni, tena vitu vikubwa tu. Uso wa mtu kwake ni doa. Alikuwa akinywa chai kwenye kikombe cheupe ili ajue imefika wapi, na maziwa kwenye kikombe cheusi. Rangi za bustani zilikuwa zimemwagikiana machoni pake kiasi kwamba dahlia yenye jina lake aliijua kwa kuigusa na kwa kusimuliwa.

"Akisema imeharibika," Leokadia akajibu, "nitaishusha."

Alipoondoka, nikamuuliza kwa nini amekubali. Mtu asiyeona vizuri atahukumu vipi picha?

"Ni ua lake," akasema. "Ana haki kuliko mimi na Gienek."

Siku zilizofuata alirudi kwenye picha ile tena na tena. Nilipopita kumchukulia nyingine za kutundika, nilimkuta ameirudisha kwenye rangi, amekaa anaitazama huku amejishika shavu. Siku nyingine nikakuta ameufanya wekundu mweusi, ua limekuwa zito kama velveti, majani meupe nyuma yake. Lilipendeza, lakini akatikisa kichwa. Lilikuwa ua la huzuni, akasema, na dahlia ile haina huzuni yoyote. Mwisho alirudi pale pale alipoanzia: wekundu ameuinua hadi ukawa fedha, majani na ukungu wa nyuma ameyashusha hadi yakawa giza, na kila petali imesimama na ukingo wake. Akaichapisha kubwa kuliko zote. Nilipoibeba kuingia ukumbini ilibidi niigeuze kiubavu mlangoni.

Ufunguzi ulikuwa Jumapili baada ya misa. Watu wa viwanjani walikuja na nguo zao nzuri, mikono imesuguliwa lakini udongo bado uko kwenye kucha. Walikuja kucheka, nadhani, na baadhi walianza. Kisha wakasogea karibu, kila mtu akatafuta lake. Ukumbi ukapungua kelele. Bibi mmoja aliyekuwa amelalamikia urujuani wake alisimama mbele ya picha ya ua lake akalitazama, akamvuta mumewe mkono: "Hebu ona, lina nywele! Umewahi kujua lina nywele?" Leokadia alisimama katikati ya ukumbi, gauni la kijivu, mikono ameifumbata, kidevu juu. Hakuzunguka kueleza chochote. Aliyetaka kumsalimia alimfuata pale.

Gienek aliingia na Teofila amemshika mkono, na mkono wa pili gudulia la maji lenye dahlia tatu nyekundu. Alikwenda moja kwa moja akaliweka sakafuni chini ya picha.

"Liondoe," Leokadia akasema kutoka kule kule aliposimama.

"Linakusumbua nini?"

"Picha yangu haihitaji msaidizi. Liondoe, Gienek, au nalimwaga."

Akaliondoa, analalamika. Kisha akamsogeza mkewe mbele ya picha, akamwambia kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie: "Haya Fila, mwenyewe wewe. Waambie."

Teofila aliachia mkono wa mumewe. Aligeuza kichwa kidogo pembeni, kama anavyofanya akitaka kuona, akasogea hatua, akageuza upande wa pili. Nilikuwa karibu, nikaona midomo yake ikitembea bila sauti. Baadaye kidogo nikatambua kwamba anahesabu. Alinyanyua kidole, hakuigusa picha, akafuata ukingo wa petali moja hewani, kisha ya chini yake, kisha iliyofuata.

"Gienek," akasema, "zimejikunja ncha."

"Nini?"

"Petali. Ncha zake zimejikunja kwa ndani, zote, kama vijiko. Hukuniambia." Akamgeukia, si usoni hasa, bega la kushoto, ndiko anakomwona vizuri. "Miaka yote unanisimulia wekundu, wekundu, wekundu. Kumbe zimejikunja ncha. Na katikati bado limefumba. Kama ngumi ya mtoto mchanga."

 Gienek akatoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo kama anapiga honi ya treni.

"Unaona?" akauliza. "Fila, unaona kweli? Zote?"

"Naona vizuri kuliko nilivyoona uso wako tangu Krismasi ya mwaka juzi. Na ni nzuri zaidi." Watu wakacheka, naye akacheka nao. "Leosia yuko wapi? Leosia, njoo hapa."

Leokadia alikuja. Teofila akampapasa akamshika mikono yote miwili.

"Ndilo lile lenye jina langu?"

"Ndilo, Fila."

"Basi mimi ni mzuri," akasema Teofila. "Sikujua nimependeza hivi. Asante, mwenzangu."

 Leokadia alimbusu shavu la kulia, la kushoto, na la kulia tena, kama desturi yetu, na walipoachana niliona kwamba poda ya Teofila imebaki kwenye bega la gauni la kijivu. Hakuipangusa siku nzima. Alisimama tena mahali pake, na sijawahi kumwona mtu amesimama namna ile. Kalina alimjia akiwa ameshika risala ya kumsifu, akaikunja akairudisha mfukoni, akamletea kiti. Alikikataa.

Mnadhani Gienek alinyamaza? Hakunyamaza. Alikaa kando ya picha ile hadi nilipokuja na funguo, na kila aliyefika alimwambia, "Hiyo ni nyekundu, mjue. Hapa inaonekana hivi kwa sababu ya ufundi wa jirani yangu Leokadia, lakini kwa asili ni nyekundu, damu ya mzee, njooni kiwanjani muone." Wengi walikwenda kweli. Wiki ile njia ya nyuma ya reli ilijaa watu wasio na jembe, na hata Kowal alikuja, akaizunguka dahlia, akasema si mbaya. Kwa Kowal hayo ni mashairi.

Nilipokuja Jumatatu kufagia, nikaona kwamba kwenye kile kikaratasi chini ya picha, palipoandikwa jina la ua na jina la mpiga picha, mtu ameongeza kwa kalamu, herufi kubwa za dereva wa treni: NYEKUNDU SANA. Nilimwita Leokadia aje aone, nikiwa nimeshaandaa kikaratasi kipya. Aliinama, akakisoma, akavua miwani akaifuta.

"Kiache," akasema. "Kila mtu aseme analolijua."

Kikabaki hadi mwisho wa maonyesho. Sasa picha iko jikoni kwa akina Pacholski, ukutani mkabala na dirisha, na Teofila hunywa chai yake mbele yake. Leokadia ameshapewa ukuta mwingine kwa majira yajayo. Jana nilimkuta mezani na picha ya mtufaha wa porini unaochanua, kushoto rangi, kulia bila rangi, chai imepoa. Nikamuuliza atachagua ipi.

"Ukinisumbua, hata moja," akasema, na akasogeza kiti chake karibu zaidi na skrini.